Kuwapokea samaki wa Ziwa Tanganyika waliosafiri kwa treni hadi Tabora

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Isevya, Tabora. Nina tangi la lita 300 sebuleni lenye Tropheus duboisi saba, huu mwaka wa pili, na walikuwa wazima. Mwezi uliopita shemeji yangu wa Ujiji alinitumia wengine kumi kwa treni. Nilifanya kama nilivyoelekezwa: mfuko niliuelesha juu ya tangi nusu saa, nikaufungua, nikawa natia maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa mbili, ndipo nikawamimina. Sita walikufa kabla jua halijazama. Watatu walifuata ndani ya siku nne. Wiki ya pili samaki wangu wa zamani wakaanza kuvimba tumbo, na sasa wamebaki wanne, pamoja na mgeni mmoja anayejificha kwenye kona. Maji ni ya bomba, natia bikaboneti kidogo, na kipimo kinasoma pH 8.5. Shemeji ana wengine kumi na tano tayari. Niwapokeeje wasife?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Pole sana. Kabla ya yote, mpigie shemeji leo hii umwambie hao kumi na tano wakae kwanza Ujiji. Kila siku wanayokaa kwake kwenye maji ya ziwa, wakipata hewa na kula, ni faida kwako. Mwishoni nitakueleza ni lini awapakie.

Nimepokea samaki wa mapambo kutoka kwa wazamiaji hapa Kigoma kwa miaka kumi na tisa, na swali lako nimelisoma mara tatu. Ndani yake mna vifo vya namna tatu, na kila kimoja kina chanzo chake. Sita wa siku ya kwanza hawakufa kwa kilichowaua wale watatu, na watatu wale hawakufa kwa kilichowavimbisha wenyeji. Ukivichanganya utanunua dawa ya kisichotibika kwa dawa.

Nianze na wale sita, kwa sababu hapo ndipo ulipofanya kwa uangalifu kabisa jambo ambalo kwa samaki wetu ndilo baya kuliko yote: zile saa mbili za kutia maji kidogo kidogo.

Fikiria mfuko ukiwa umefungwa. Samaki wako humo tangu Kigoma, usiku kucha, Uvinza imepita, Kaliua imepita, Urambo imepita. Wanapumua, na kila pumzi inaacha hewa ya kabonidayoksaidi ndani ya maji. Hewa hiyo huyafanya maji kuwa na asidi, na pH, yaani ile namba inayopungua maji yakizidi asidi, inashuka. Maji yaliyoingia mfukoni yakiwa na pH 9 yanaweza kufika Tabora yakiwa karibu na 7. Wakati huohuo samaki wanatoa amonia kupitia matamvua yao, nayo haina pa kwenda, inajilimbikiza humohumo. Ungetarajia wafe njiani. Hawafi, kwa kuwa amonia ina sura mbili. Kwenye pH ya chini karibu yote inakuwa amoniamu, ambayo haipenyi matamvua kwa urahisi. Kwenye pH ya juu sehemu kubwa inageuka kuwa amonia yenyewe, ile yenye harufu inayokata pua, na hiyo ndiyo sumu.

Tazama hesabu yake katika joto la nyuzi 25. Maji yakiwa na pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia yote iliyomo, sumu haifiki hata sehemu moja. Kwenye pH 8 ni kama sehemu 5. Kwenye 8.5, ambayo ndiyo ya tangi lako, ni kama 15. Kwenye 9, pH ya ziwa lenyewe, ni kama 36. Uchafu ni uleule, hujaongeza hata tone, lakini ukipandisha pH kutoka 7 hadi 8.5 umeifanya sumu kuwa zaidi ya mara ishirini.

Sasa rudi sebuleni kwako. Ulipofungua mfuko, kabonidayoksaidi ilianza kutoka kama gesi inavyotoka kwenye soda iliyofunguliwa, na pH ikaanza kupanda yenyewe. Kisha ukawa unaongeza maji ya pH 8.5, kikombe baada ya kikombe, kwa saa mbili, samaki wakiwa wamekaa ndani ya uchafu wao wa usiku mzima. Ulidhani unawazoesha. Kumbe kila kikombe kilikuwa kinawasha ile amonia iliyokuwa imelala. Nina hakika uliwaona wakipanda juu kuvuta hewa, matamvua yakienda mbio, na pengine ukiyaangalia kwa karibu yalikuwa mekundu kuliko kawaida, kama yameungua. Yalikuwa yameungua kweli.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipokea boksi zima la samaki kwa njia hiyohiyo, miaka yangu ya mwanzo, na kwa saa tatu nilikaa na mpira mwembamba nikidondosha maji kwa subira, nikijiona nafanya kazi safi. Nilizika samaki arobaini. Kwa hiyo nakuomba usijilaumu. Maelekezo ya kudondosha maji taratibu yameenea kwa sababu yanafaa kwa samaki wa kununua mtaa wa pili, waliokaa mfukoni dakika ishirini, ambao hawajajaza amonia yoyote. Kwa samaki wa safari ndefu, tena wa maji yenye pH ya juu kama haya ya kwetu, hayafai.

Fanya hivi badala yake. Mfuko ukiwa BADO umefungwa, uelee kwenye maji watakayohamia kwa dakika kumi na tano au ishirini, joto lilingane. Zima taa ya chumba. Fungua mfuko mmoja tu, si yote. Mara moja mimina samaki na maji yake kwenye bakuli la plastiki lenye matundu, lile la kuoshea mboga, likiwa juu ya ndoo tupu. Maji ya mfuko yaishie kwenye ndoo, samaki waingie kwenye maji yao mapya papo hapo. Kazi nzima isizidi dakika moja. Ndipo ufungue mfuko wa pili. Usitumie wavu wa nyuzi kama unaweza kuuepuka, kwa maana miiba ya mapezi ya Tropheus hunasa, na kumnasua ni kumchubua magamba. Maji ya ndoo yakamwagwe nje.

Utaniuliza, je, kuwarusha kutoka pH 7 hadi 8.5 kwa mara moja hakuwadhuru? Hawa walizaliwa kwenye pH 9. Ile 7 ya mfukoni ndiyo iliyokuwa ugenini, nayo imeletwa na hewa yao wenyewe. Kurudi juu ni kurudi nyumbani. Wanachoumizwa nacho ni kitu kingine ambacho kipimo chako cha pH hakikionyeshi, na hicho kinatuleta kwa wale watatu.

Maji ya bomba ya Tabora siku hizi yanatoka Ziwa Victoria. Zamani mlitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na nafurahi kwa ajili yenu kwamba shida ile imepungua. Lakini kwa samaki wa Tanganyika, maji ya Victoria ni maji matupu. Ukipima uwezo wake wa kupitisha umeme, ambao ndio unaoonyesha wingi wa chumvichumvi zilizoyeyuka, Victoria iko karibu na maikrosimensi 100 kwa sentimita. Tanganyika iko kati ya 600 na 700. Ni tofauti ya zaidi ya mara sita. Ukitia bikaboneti kidogo, pH inapanda haraka hadi 8.5 na kipimo kinakuambia umefika, wakati kwenye madini hujafika hata nusu ya njia.

Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia saa zote kupitia matamvua na ngozi. Yeye anayatoa kwa mkojo mwingi, na anazivuta chumvi kutoka nje ili afidie zinazopotea. Kazi hiyo haisimami mchana wala usiku. Samaki aliyezaliwa kwenye maji yenye madini ya kutosha, ukimtupa ghafla kwenye maji matupu, tena akiwa na matamvua yaliyoungua, kazi inamshinda. Hafi palepale. Anasimama pembeni, rangi inafifia, hali, na siku ya tatu au ya nne unamkuta chini. Wale saba wako wa zamani walivumilia kwa sababu walipata muda mrefu wa kuzoea. Wageni hawakupata.

Nakuomba ununue kitu kimoja tu kwa ajili ya hili: kile kipimo chenye umbo la kalamu ambacho wauzaji wa mashine za kuchuja maji hukitumia kuonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka. Na umwagize shemeji akutumie chupa ya lita moja ya maji ya ziwa, ayachote mbali na ufuo na mbali na mdomo wa mto. Tumbukiza kipimo kwenye chupa hiyo, uandike namba. Vipimo hivi hupishana kimoja na kingine, lakini hilo halitusumbui, maana utapima ziwa na tangi kwa kipimo hichohicho. Namba ya chupa ndiyo shabaha yako.

Kuifikia ni rahisi. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji yenu ya bomba, mimi hutia kijiko cha chai kimoja na nusu cha bikaboneti ya soda na kijiko kimoja cha chumvi ya haluli, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Bikaboneti ni ile ya kuokea ambayo madukani wengi huiita magadi soda. Soma pakiti uhakikishe ni bikaboneti peke yake, si hamira ya keki iliyochanganywa na unga. Haluli ni magneziamu salfeti, wanauza maduka ya dawa. Ziwa letu lina magneziamu kuliko kalisi, ndiyo sababu siitii chokaa. Koroga, pima, linganisha na chupa, ongeza au punguza.

Magadi ya mawe ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, usitie. Yana floridi nyingi na vitu vingine usivyovijua kiasi chake. Na kwa kuwa treni inapita Uvinza penye viwanda vya chumvi, kila mara naulizwa kama chumvi ya Uvinza haitoshi. Haitoshi. Ile ni chumvi ya kula, kloridi ya sodiamu. Itapandisha namba ya kipimo chako vizuri kabisa na kukudanganya, lakini haileti bikaboneti wala magneziamu, na hivyo viwili ndivyo vinavyoyafanya maji ya Tanganyika yawe ya Tanganyika.

Maji ya bomba yana klorini pia. Yakae kwenye diaba na jiwe la hewa likitoa mapovu usiku na mchana mmoja kabla hujayagusa.

Tangi lako kubwa nalo lisogeze kwenye shabaha hiyohiyo, ila polepole. Kila wiki toa sehemu moja ya tano ya maji, rudisha maji uliyoyachanganya. Utachukua kama wiki sita hadi nane kulikaribia ziwa. Wale wanne na yule mgeni wasisikie kitu.

Sasa wenyeji waliovimba. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hao ndio uliokaa nao.

Tropheus ni mla mwani. Ukimwangalia mtoto wa duboisi kwenye mwamba wake, mweusi tii mwenye nukta nyeupe kama amenyunyiziwa unga, utamwona anainamisha kichwa, mdomo wote unagusa jiwe, anakwangua, anasogea nusu inchi, anakwangua tena, kutwa nzima. Utumbo wa namna hiyo ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umeumbwa kwa majani magumu yasiyo na mafuta. Ndani yake mnaishi vijidudu ambavyo kwa samaki mwenye utulivu havifanyi lolote. Akipigwa, akifukuzwa, maji yakibadilika, au akilishwa vyakula vya nyama, vijidudu hivyo huongezeka. Dalili yake ya kwanza huwa kwenye chakula: anakimbilia, anakitia mdomoni, anakitema. Kisha kinyesi kinakuwa cheupe, chembamba kama uzi, kinaning'inia. Tumbo kuvimba huja mwisho, na mara nyingi hapo umeshachelewa.

Wageni wako walileta vijidudu vya ziwani, wakakuta vijidudu vya tangi, kila upande ukiwa na vya kwake ambavyo mwenzake hajavizoea. Juu ya hapo zikatokea vurugu za mgeni kuingia, na maiti zilizooza majini. Yote yalikusanyika.

Kwa hao wanne, kama bado kuna anayetema chakula au mwenye kinyesi cheupe, acha kulisha siku tatu, ongeza hewa, na utumie metronidazoli. Mimi hutia miligramu 250 kwa kila lita 40, siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, nikibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Ni dawa ya binadamu, kwa hiyo zungumza na mfamasia, na usiitie kwa samaki wasio na dalili eti kwa kinga. Nimeona mabanda ambayo dawa hii ilimwagwa kila wiki hadi ikaacha kufanya kazi siku ilipohitajika. Baada ya hapo walishe unga wa mwani wa spirulina na mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto. Unga wa dagaa, hata uwe mzuri vipi kwa kuku, usiwape kabisa.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako hasa. Mgeni asiingie kwenye tangi kubwa siku anayofika. Aingie karantini, wiki nne kamili. Najua unavyoona boksi limefika na watoto wanasubiri nyumbani kuwaona samaki wakiogelea. Waonyesheni kwenye karantini.

Karantini haihitaji kioo. Diaba la plastiki la lita 100 au 120 ambalo halijawahi kutiwa sabuni wala dawa linatosha kabisa kwa vijana kumi na tano wa sentimita nne au tano. Juu lifunikwe na wavu, kwa sababu Tropheus anaruka. Ndani weka vipande vya bomba la PVC vya kujificha, zaidi ya idadi ya samaki. Usiweke mchanga, ili uone kinyesi chao kila asubuhi. Pampu ya hewa, na chujio la sponji.

Hiyo sponji ndiyo siri ya diaba zima, kwa hiyo ianze kazi kabla samaki hawajafika. Nunua sponji mbili leo, uziweke kwenye tangi lako kubwa zikipuliza hewa humo kwa wiki nne au tano. Bakteria wanaokula amonia na kuigeuza nitraiti, na wale wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti, watahamia humo. Siku ya wageni kufika unazitoa, zikiwa na rangi ya kahawia na utelezi, unaziweka kwenye diaba. Usizioshe. Kama zilikuwa tangini wakati wa metronidazoli, hesabu wiki zako kuanzia dozi ya mwisho. Kwenye maji yenye pH kama yetu diaba bila sponji iliyokomaa ni ule mfuko wa treni kwa mara ya pili, maana umeshaona amonia inakuwa nini hapo. Hata ukiwa nayo, pima amonia kila siku wiki ya kwanza, na ukiona chochote zaidi ya sifuri badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo kwa maji uliyokwisha yachanganya.

Usiwalishe siku ya kwanza. Siku ya pili kidogo sana. Wiki ya kwanza kazi yako ni kuangalia: nani anatema, nani anajikuna kwenye bomba, nani ana nukta nyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, nani anapumua kwa shavu moja. Ndoo, mpira wa kunyonyea maji na bakuli la karantini visiguse tangi kubwa, na mikono ioshwe. Ukitumia mpira mmoja kwa pande zote mbili, hakuna karantini hapo, kuna diaba tu.

Wakimaliza wiki nne wakiwa wanakula wote na kinyesi ni cheusi au cha kijani, wako tayari kuhama, lakini uhamaji wenyewe ni vita. Tropheus dume huwa na eneo lake, na samaki mmoja au wawili wageni wakiingia kundi zima linawashukia. Ndiyo maana yule mmoja wako yuko konani. Kwa jamii hii kundi kubwa ni afadhali kuliko dogo: wakiwa watano, mnyonge hupigwa hadi afe, wakiwa ishirini, dume hajui amfukuze nani. Kwa hiyo waingie wote kumi na tano kwa mkupuo, na sponji zao ziingie pamoja nao, ili tangi lisipate ghafla wakojoaji kumi na tano bila bakteria wa kuwahudumia.

Siku hiyo, jioni, toa mawe yote tangini. Yote. Yapange upya kwa umbo jingine kabisa, pango lililokuwa kushoto liende kulia, rundo refu livunjwe liwe mawili. Mwenyeji akirudi asikute nyumba yake, anaanza upya sawa na mgeni. Lisha wenyeji washibe, zima taa, ingiza wageni gizani. Usiwashe hadi kesho mchana. Utawaona wakitetemesha mwili mzima mmoja mbele ya mwingine, mkia ukipepea, kama wanaosalimiana. Kutetemeka huko ni heri. Dume akibana mapezi na kumkimbiza mmoja huyohuyo bila kumwacha kwa siku mbili, mtoe dume, si anayefukuzwa, umweke diabani wiki moja. Akirudi yeye ndiye mgeni.

Jambo moja muulize shemeji kabla hajapakia: wametoka mwamba gani? Tropheus hapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, kwa hiyo kila ufuo wa mawe umepata rangi zake kwa muda mrefu sana. Duboisi wa ufuo wa Maswa, kwa mfano, wana mkanda mpana wa njano wakikua. Ukichanganya wa fuo mbili watazaliana, na watoto hawatakuwa wa popote. Mimi nalichukulia kwa uzito, maana mtu akishapoteza jina la mwamba hawezi kulirudisha. Wako wa zamani na hawa wapya wawe wa ufuo mmoja. Kama si wamoja, afadhali usubiri mwaka. Na wawe wamevuliwa kihalali, na kibali cha uvuvi na cha kuwasafirisha wakiwa hai kiwepo. Nenda ofisi ya uvuvi, ulizia, usiogope. Ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Mahale, ambayo imechukua na ukanda wa ziwa, hakuna ruhusa.

Baridi. Tabora iko juu kuliko Kigoma kwa zaidi ya mita 400, na usiku wa Juni na Julai unaujua mwenyewe. Ziwa kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi 24 kwa juu. Hita iwepo kwenye diaba pia, siyo tangini tu, na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika. Kama hita hujapata, usipokee samaki miezi hiyo.

Basi, mpangilio wako ni huu. Wiki hii sponji ziingie tangini, chupa ya ziwa iagizwe, wenyeji watibiwe. Halafu subiri hadi utimize mambo mawili: wenyeji wamekaa wiki nne mfululizo bila dalili yoyote, na maji ya diaba, yakiwa na hita na hewa, yamesoma sawa na chupa kwa siku saba bila kuyumba. Hapo mpigie shemeji. Awafungishe siku mbili wasile, ili wasichafue mfuko. Jike lenye koo lililotuna abaki naye, huyo ana mayai mdomoni na safari itamfanya ayateme. Samaki watatu kwa mfuko, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, mafundi wa kuchomelea wanayo. Mifuko ilazwe ndani ya boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wa barafu, giza, kifuniko kimebandikwa gundi. Wewe uwe stesheni kabla treni haijafika.

Na yule mmoja wa konani, usimkatie tamaa. Mtoe leo umweke peke yake kwenye ndoo kubwa yenye hewa, hita na maji ya tangi, umbadilishie nusu ya maji kila siku, na vidonda vyake vitapona. Mapezi yakishafunga, mrudishe tangini ndani ya chumba cha wavu alikolindwa, ale bila kuguswa. Karantini ya wageni ikimaliza wiki ya tatu, mwingize yeye diabani pamoja nao. Ameishi kwenye tangi lako, amebeba kila kilichomo, na ameokoka. Kama ndani ya siku saba hakuna mgeni atakayetema chakula, na yeye pia anakula, ujue pande zote mbili zimeshazoeana kabla hazijakutana. Atarudi tangini na wenzake kumi na tano wa ufuo wake.